Robo ya Kibandiko

Kila Jumapili usiku baba yetu Adelino,
fundi cherehani wa Covilhã, mji wa sufu na miteremko,
huondoa chaki na futi mezani,
hunawa mikono mara mbili,
kisha hukata kibandiko cha Otília vipande vinne.

Si kitambaa. Ni utando unaong'aa,
mdogo kama stempu ya barua.
Hukata kwa mkasi wa matundu ya vifungo,
aliourithi kwa mama yake,
ambao sisi hatujawahi kuazimwa hata wa kukatia uzi.
"Robo kwanza," alisema daktari wa Coimbra.
"Mwili usishtuke. Tuubishie hodi, tusivunje mlango."

Basi baba hubisha hodi.
Robo Jumatatu, robo Alhamisi,
kwenye nyonga ya dada yangu wa miaka kumi na mitano,
ambaye pale sinema bado humkatia tiketi ya mtoto,
naye huichukua. Nusu bei ni nusu bei.

Mimi nina miaka kumi na miwili na nusu.
Nilivunja ungo mwezi Machi, katikati ya jiografia,
tukitaja mito: Mondego, Zêzere, Tejo.
Nilirudi na sweta nimelifunga kiunoni.
Mama alicheka, akalia, akanyamaza ghafla,
maana Otília alikuwa mlangoni na mkate kwapani.
"Hongera," alisema.
Kisha: "Inauma?"
kama mtu anayeulizia mji
ambao rafiki zake wote wameshahamia.

Nguo kwetu zinapanda mlima.
Sketi yangu ya mwaka jana ni yake mwaka huu.

Daktari alituchorea herufi X, mbili mbili kwa wasichana;
kwa Otília moja, na pembeni karatasi tupu.
Baba aliitazama mpaka kalamu ikafunikwa.
Kwake yeye X ni alama ya chaki: hapa kitakaa kifungo.
Njiani alikiuliza kioo cha gari,
"Nilikosea kupima wapi?"
"Endesha, Adelino," mama akasema.
Otília, ambaye sikio lake la kushoto ni zito,
alisikia kwa la kulia.

Kabla ya kibandiko zilikuwapo sindano,
miaka saba, kila usiku, ndani ya jokofu kando ya siagi.
Na penseli kwenye fremu ya mlango:
mistari yake ikisogea kwa unyoya,
yangu ikimpita kama baiskeli isiyopiga kengele.
Siku moja niliifuta yangu.
Akairudisha kwa wino.
"Usinionee huruma, we jitu."

Usiku, taa zikizimwa, huongea na dari.
"Wenzangu mwili uliwavamia. Wangu una ratiba."
Na mara moja tu:
"Nilimuuliza habari ya watoto. Akasema tutazungumza baadaye."
Nilisubiri aendelee.
Nilisikia mashine ya baba chini, ikishona, ikisimama, ikishona.

Mwezi huu anamshonea gauni la sherehe ya shule.
Otília alilipindua ndani nje,
akakuta kwenye mishono vidole viwili vya kitambaa cha ziada.
"Hiki cha nini?"
"Akiba," baba akasema, pini mdomoni. "Akiba haiozi."
"Na nisipokua?"
Baba alizitoa pini moja moja,
akazichomeka kwenye mto wake, zote,
na hata zilipokwisha hakuwa na jibu.
Otília alilikunja gauni. Hakumwambia apunguze.

Alhamisi alfajiri alinisukuma kwa kiwiko.
Theluji ilikuwa imeshuka mlimani, dirisha jeupe.
Nilidhani anaumwa.
"Inauma," alisema, bila kusema wapi,
na akacheka chini ya blanketi
hadi mama akagonga ukuta.